Barua ya Wazi kwa Mawakili wa Afrika Mashariki kutoka Mpaka wa Ruhwa

Kwa: Rais, Baraza la Uongozi na wanachama wote wa Chama cha Mawakili wa Afrika Mashariki, Arusha

Nakala: Vyama vya mawakili vya Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Kutoka: Ruhwa, Wilaya ya Rusizi, Rwanda

Yah: Wajibu wa taaluma ya sheria kwa wanyamapori wanaovuka mipaka, na nafasi ya picha katika ushahidi

Waheshimiwa Mawakili,



Wakili anayependa wanyamapori na kupiga picha huchukuliwa, ndani ya taaluma yake mwenyewe, kuwa mtu mwenye burudani ya gharama. Siku za kazi huvaa joho, na Jumamosi hubeba lenzi kwenda porini. Mtazamo huo ni kosa, na barua hii inaandikwa kuupinga. Picha ya mnyama ni taarifa kwamba kiumbe fulani alikuwa mahali fulani saa fulani. Kesi ya wanyamapori nayo huanza hapohapo: ni mnyama gani, alikuwa wapi, lini, na ni nchi ipi iliyokuwa na mamlaka juu yake. Mtu anayezijua kazi zote mbili ana silaha ambayo ukanda huu unaihitaji sana na unaitumia kidogo mno.

Ruhwa ni mahali panapolazimisha swali hilo. Mto Ruhwa hutenganisha Rwanda na Burundi kabla ya kumwaga maji yake katika Rusizi, na ng'ambo ya Rusizi ni Kongo. Bonde la Bugarama lililo jirani limo katika eneo la chini kabisa la Rwanda, ambako mto Rusizi hushuka hadi kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari, ilhali milima ya Nyungwe hupanda hadi mita 2,950 katika kilele cha Bigugu. Msitu wa Nyungwe, wenye takriban kilomita za mraba 1,019, unaungana na msitu wa Kibira wa Burundi. Chini bondeni, upande wa Burundi, iko Hifadhi ya Rusizi, ardhi oevu iliyoingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, yenye viboko na ndege wahamaji. Upande wa Kongo iko Kahuzi-Biega, makazi ya sokwe wakubwa wa nyanda za chini za mashariki, ambayo imekuwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Kwenye karatasi, basi, mnyama wa pembe hii ana mkataba mmoja unaomlinda. Kwa vitendo ana mafaili matatu yasiyosomana.

Malalamiko na hoja za barua hii ni saba.

1. Taaluma imeisahau historia yake yenyewe.

Ndoa ya sheria na kamera ina zaidi ya karne moja. George Shiras wa Tatu alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1859, katika nyumba ya sheria: baba yake alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kuanzia 1892 hadi 1903. Mwana alisoma Cornell, kisha akasomea sheria Yale, na mwaka 1883 akaanza uwakili. Alikuwa pia mwindaji tangu ujana katika misitu ya Michigan, karibu na Ziwa Superior. Huko alijifunza mbinu ya Waojibwe ya kuwinda usiku kwa mtumbwi: moto huwekwa mbele ya mtumbwi, kulungu aliye ukingoni huuduwalia, na macho yake yanayong'aa humpa mwindaji shabaha. Shiras aliichukua mbinu hiyo, akaweka bunduki chini, na mahali pake akapanga kamera na unga wa magnesi unaolipuka kwa mwanga mkali. Baadaye alitega nyuzi porini ili mnyama mwenyewe, akizigusa, ajipige picha. Kamera za kutega zinazotumika leo katika hifadhi za dunia nzima zinafuata wazo hilohilo.

Picha zake za usiku zilipata medali ya dhahabu kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapa picha zake 74 katika toleo moja, na wajumbe wawili wa bodi wakajiuzulu wakilalamika kwamba jarida la kisayansi linageuzwa kitabu cha picha. Historia haikuwa upande wao.

Jambo ambalo wapiga picha husahau kulisimulia ni kazi yake ya sheria. Shiras alikaa katika Bunge la Marekani kipindi kimoja tu, 1903 hadi 1905. Desemba 1904 aliwasilisha muswada wa kuwaweka ndege wahamaji chini ya ulinzi wa serikali kuu. Hoja yake ilikuwa ya kiwakili hasa: ndege anayepita majimbo mengi kwa mwaka hawezi kulindwa na jimbo moja, kwa kuwa anachokihifadhi huyu leo kitapigwa risasi na jirani kesho. Muswada haukupita. Sheria iliyobeba wazo hilo ilipatikana mwaka 1913, ikapingwa mahakamani, na serikali ikakivuka kikwazo kwa kutia saini mkataba na Uingereza, kwa niaba ya Kanada, mwaka 1916. Sheria ya kuutekeleza mkataba ilipitishwa 1918, na mwaka 1920 Mahakama ya Juu ikaithibitisha katika kesi ya jimbo la Missouri dhidi ya Holland. Shiras alichapisha picha na kumbukumbu zake katika majuzuu mawili mwaka 1935, na akafariki mwaka 1942.

Mtu huyo aliwaona wanyama kwa karibu kuliko wabunge wenzake, na ndiyo sababu aliuona upungufu wa sheria kabla yao. Safari kutoka muswada wa 1904 hadi hukumu ya 1920 ilichukua miaka 16, na msingi wake ulikuwa mkataba kati ya mataifa. Afrika Mashariki ina mkataba wake tayari. Kilichopungua ni mawakili wa kuusimamia.

2. Mnyama anavuka mpaka, faili halivuki.

Ibara ya 116 ya Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki inazitaka nchi wanachama kuoanisha sera za uhifadhi wa wanyamapori, kubadilishana taarifa na kuratibu juhudi za kudhibiti ujangili. Maneno hayo yana nguvu ya sheria. Hata hivyo, mtego wa waya uliotegwa Kibira na mtego wa waya uliotegwa Nyungwe, hata kama imetegwa na mkono uleule, huzaa mashauri mawili katika mifumo miwili, kwa lugha tofauti za mahakama, na mbele ya waendesha mashtaka ambao hawana sababu ya kila siku ya kuwasiliana.

Siasa huongeza uzito. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na Ruhwa ni kimojawapo cha vituo vilivyoguswa. Kituo hiki kilijengwa ili maofisa wa nchi mbili wafanye kazi chini ya paa moja. Lori husimama mpaka unapofungwa, na msafiri hurudi alikotoka. Mbega na sokwe mtu wa msituni hawasomi tangazo, na jangili hasubiri lango lifunguliwe. Mpaka unapofungwa, mawasiliano ya kitaaluma kati ya mawakili ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kuendelea kubadilishana taarifa, kwa sababu hayahitaji mtu kuvuka daraja. Njia hiyo haijajengwa.

Gharama ya kuchelewa inajulikana katika wilaya hii. Nyati wa Nyungwe waliisha katika miaka ya 1970. Ndovu wa mwisho anayejulikana wa msitu huo aliuawa mwaka 1999, miaka sita kabla Nyungwe haijatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ulinzi wa juu zaidi, yaani hadhi ya urithi wa dunia ya UNESCO, ulifika Septemba 2023. Heshima hiyo ni kubwa, lakini kwa ndovu ilichelewa takriban robo karne.

3. Picha hufia njiani kabla ya kufika mahakamani.

Leo karibu kila askari wa hifadhi, mwongoza watalii na mkulima wa kando ya msitu ana simu yenye kamera. Kamera za kutega zinafanya kazi usiku na mchana. Picha hazijapungua. Kinachopungua ni picha zinazokubalika kuwa ushahidi.

Sheria za ukanda zinatofautiana. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai hati maalumu ya kuthibitisha kumbukumbu ya kielektroniki. Tanzania, kupitia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, humtaka hakimu kuangalia jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na jinsi mwenye nayo anavyotambulika. Burundi na Kongo zilirithi mfumo wa Ubelgiji, ambamo jaji ana uhuru mpana wa kuupima ushahidi. Rwanda imeuchanganya mfumo huo na mapokeo ya Kiingereza. Kila utaratibu una mantiki yake. Tatizo linatokea pale picha iliyopigwa upande mmoja wa Ruhwa inapohitajika katika mahakama ya upande wa pili.

Picha nyingi huharibika kwa mambo madogo ambayo wakili angeyazuia kwa maelekezo ya nusu saa. Picha ikipitishwa kwenye makundi ya mtandao wa kutumiana ujumbe, hubanwa na kupoteza taarifa za tarehe, saa na mahali. Faili la asili likifutwa ili kupata nafasi kwenye simu, hakuna tena cha kulinganisha. Mpiga picha asipoandika jina, saa na jinsi alivyoikabidhi picha, mnyororo wa utunzaji wa kielelezo hukatika, na wakili wa utetezi, kwa haki kabisa, atauonyesha ulipokatika. Mwanga ukirekebishwa ili picha ipendeze, anayehojiwa kizimbani atalazimika kueleza kila alichokigusa.

Madhara ya ushahidi dhaifu yamekwisha kuhesabiwa. Utafiti wa shirika la WildlifeDirect katika mahakama za Kenya, uliohusu mashauri ya Januari 2008 hadi Juni 2013, ulionyesha kwamba asilimia 4 tu ya waliotiwa hatiani kwa makosa dhidi ya ndovu na vifaru walipelekwa jela, na kwamba mafaili mengi ya mahakama hayakuonekana yalipotafutwa. Kenya ilijibu kwa sheria kali ya mwaka 2013. Lakini ukali wa adhabu hauzibi tundu la ushahidi: hukumu ya kifungo cha miaka 20 iliyotolewa Mombasa mwaka 2016 katika shauri kubwa la pembe za ndovu ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2018.

4. Picha bila wakili huishia kwenye huruma.

Julai 2007 sokwe wa milimani waliuawa katika Hifadhi ya Virunga nchini Kongo, na mpiga picha wa Afrika Kusini, Brent Stirton, akawapiga picha wanakijiji na askari wa hifadhi wakimbeba dume mkubwa aliyekufa, aliyeitwa Senkwekwe. Picha hiyo iliizunguka dunia. Ilileta hasira, michango na tuzo. Kazi ya kuigeuza hasira kuwa hati ya mashtaka, orodha ya mashahidi na hukumu inayoweza kusimama kwenye rufaa ni ya aina nyingine, na mpiga picha hawezi kulaumiwa kwa kutoifanya.

Mfano wa pili uko katika hifadhi hiyohiyo. Rodrigue Mugaruka Katembo, ofisa wa hifadhi, alitumia kamera ya siri kurekodi matoleo ya rushwa yaliyohusishwa na utafutaji wa mafuta ndani ya Virunga. Mwaka 2013 alikamatwa na kuteswa. Filamu iliyotumia picha zake ilitoka 2014, na Juni mwaka huo kampuni ya Uingereza iliyokuwa na leseni, ambayo ilizikana tuhuma, ilitangaza kusitisha shughuli zake hifadhini. Katembo alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2017. Ujasiri wake haupingiki. Hata hivyo, mtu anayekusanya ushahidi wa namna hiyo angepaswa kuwa na wakili tangu siku ya kwanza, wa kumweleza hatari yake, kuhifadhi nakala mahali salama na kufika kituoni saa anapokamatwa. Taaluma inayoruhusu watu wa aina hiyo waende peke yao haina haki ya kushangilia filamu.

5. Mlango wa Arusha uko wazi, lakini saa yake ni fupi.

Kesi ya Serengeti ilithibitisha kwamba Mkataba wa Jumuiya unaweza kumlinda mnyama. Mwaka 2010 shirika la Kenya la African Network for Animal Welfare liliishtaki Tanzania katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, likipinga mpango wa barabara ya lami kupita kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, katika njia ya uhamaji wa nyumbu zaidi ya milioni moja. Tarehe 20 Juni 2014 Divisheni ya Kwanza iliamua kwamba mpango huo ungekiuka Mkataba, ikatoa zuio la kudumu dhidi ya ujenzi wa aina hiyo. Mwaka 2015 Divisheni ya Rufaa ilitoa uamuzi wake, na zuio la msingi likabaki. Shirika la nchi moja lilikwenda kudai ulinzi wa hifadhi ya nchi nyingine, na mahakama ikalisikiliza. Kwa wakazi wa Ruhwa huo ndio uamuzi muhimu kuliko yote ambayo mahakama hiyo imewahi kutoa kuhusu mazingira.

Ibara ya 30 ya Mkataba inampa haki hiyo mkazi yeyote wa nchi mwanachama. Ibara hiyohiyo inaweka muda wa miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa kitendeke, au tangu mlalamikaji alipokijua. Hapo ndipo kamera inapogeuka kuwa chombo cha sheria kwa maana kamili. Katika uharibifu wa msitu unaofanyika kidogokidogo, kujua siku kitendo kilipotendeka ni nusu ya kesi. Picha yenye tarehe inayothibitika humwezesha mlalamikaji kufika ndani ya muda. Bila picha hiyo, serikali itasema miezi miwili ilikwisha pita, na inaweza kushinda bila kujibu swali la msitu hata kidogo. Wakili anayetembelea hifadhi na kamera kila msimu ana kumbukumbu ya kulinganisha. Wakili anayeletewa malalamiko ofisini baada ya mwaka mmoja hana.

6. Uganda imeonyesha kwamba inawezekana.

Hoja kwamba ukanda ni maskini mno kwa kazi hii haisimami. Vincent Opyene, mwanasheria wa Uganda aliyekuwa mwendesha mashtaka wa serikali, alianzisha shirika la Natural Resource Conservation Network, linalounganisha upelelezi, ukamataji kwa kushirikiana na mamlaka, na uendeshaji wa mashtaka ya makosa ya wanyamapori. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya uhifadhi ya Tusk. Mwaka 2017 Uganda ilianzisha mjini Kampala mahakama maalumu inayosikiliza pia mashauri ya wanyamapori, na sheria mpya ya mwaka 2019 ikaweka kifungo cha maisha kuwa adhabu ya juu kabisa kwa makosa yanayohusu viumbe walio hatarini kutoweka. Oktoba 2022 Hakimu Mkuu Gladys Kamasanyu wa mahakama hiyo alitoa kifungo cha maisha katika shauri la pembe za ndovu, cha kwanza cha aina hiyo nchini humo.

Vitu vitatu vilikutana: wakili aliyejitoa, mahakama inayolijua somo, na upelelezi uliopangwa kwa kufikiria siku ya hukumu. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilicho kigeni kwa Kigali, Gitega au Kinshasa.

7. Kamera inaweza kudhulumu, na sheria inajua hilo kuliko mpiga picha.

Anayepigwa picha msituni mara nyingi ni mwanakijiji mwenye mzigo wa kuni, na si mnunuzi mkubwa wa pembe aliyeko mjini. Picha yake ikisambazwa kabla ya hukumu, amekwisha kuhukumiwa na majirani. Watu wa jamii ya Batwa walifukuzwa kutoka Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970, na uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka 2024, uliiona Kongo kuwa ilivunja haki zao. Uhifadhi uliojengwa juu ya dhuluma hauna uhalali, na hauna hata mashahidi, kwa sababu watu wanaoujua msitu kuliko wote hawatazungumza na anayewafukuza.

Upande wa mnyama nao una hatari. Picha inayobeba taarifa za mahali alipo kifaru au kiota cha ndege adimu humwelekeza jangili bila malipo. Kanuni za faragha, dhana ya kutokuwa na hatia na ulinzi wa taarifa ni mambo ambayo wakili ameapa kuyaheshimu. Ndiyo maana inafaa kamera hiyo iwe mikononi mwake, au angalau iongozwe na ushauri wake.

Kwa sababu hizo saba, Chama cha Mawakili wa Afrika Mashariki na vyama vya nchi wanachama vinaombwa kufanya yafuatayo:

(a) Kutunga mwongozo mmoja mfupi wa ukanda mzima kuhusu upigaji, uhifadhi na ukabidhi wa picha za wanyamapori zinazokusudiwa kuwa ushahidi. Mwongozo ueleze matakwa ya kila nchi upande kwa upande, na utolewe kwa Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, Kinyarwanda na Kirundi, ili askari wa Nyungwe na mwenzake wa Kibira wausome bila mkalimani.

(b) Kuingiza sheria ya wanyamapori na ushahidi wa picha katika mafunzo endelevu ya uwakili, na kuwapa alama za mafunzo mawakili wanaofundisha somo hilo hifadhini badala ya hotelini.

(c) Kuanzisha orodha ya mawakili wa kujitolea kwa kila eneo la uhifadhi linalovuka mpaka, kuanzia Nyungwe na Kibira, wenye uwezo wa kuitwa na askari, mpiga picha au mwanakijiji saa yoyote. Orodha hiyo iwahudumie pia watuhumiwa wasio na uwezo, kwa sababu hukumu inayopatikana bila utetezi huporomoka kwenye rufaa.

(d) Kuteua, katika vyama vya Rwanda, Burundi na Kongo, wakili mmoja mmoja wa mawasiliano kwa ajili ya mashauri ya bonde la Rusizi, ili taarifa ziendelee kupita hata lango la Ruhwa linapofungwa.

(e) Kuzishawishi mamlaka za hifadhi kuwa na kibali kimoja nafuu cha kupiga picha kwa raia wa Jumuiya wanaofanya kazi ya kumbukumbu na ushahidi, tofauti na kibali cha filamu za biashara, na kuweka kanuni ya kuficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini katika picha zinazotolewa hadharani.

(f) Kufuatilia kwa utaratibu utekelezaji wa Ibara ya 116, na pale nchi inapokiuka, kufungua shauri Arusha ndani ya miezi miwili, kwa jina la Chama chenyewe, bila kuliachia shirika dogo lisilo na fedha.

Maombi haya hayahitaji mkataba mpya wala jengo jipya. Mwongozo ni kazi ya kamati ya watu wachache. Orodha ya mawakili ni namba za simu na zamu. Ombi zito pekee ni la mwisho, na uzito wake unapungua kila mara kesi moja inaposhinda, kama ya Serengeti ilivyofanya.

Yaliyo hatarini yanatajika kwa majina. Nyungwe ina jamii 13 za nyani, kima, mbega na sokwe mtu, na jamii za ndege zaidi ya 300, baadhi yao zisizopatikana nje ya Bonde la Ufa la Albertine. Kipande cha msitu cha Cyamudongo, ndani ya wilaya hii ya Rusizi, kina sokwe mtu waliozungukwa na mashamba kila upande, na eneo lao lote halizidi kilomita za mraba chache. Mwaka 2019 watafiti walimkamata, wakampima na kumpiga picha katika Nyungwe popo aitwaye kitaalamu Rhinolophus hilli, aliyekuwa hajaonekana kwa karibu miaka 40, na taarifa ikatangazwa mwaka 2022. Kiumbe huyo hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Picha na vipimo hivyo vinathibitisha kwamba yupo, na kwa hiyo yeyote atakayeharibu makazi yake hawezi tena kudai kwamba hakujua. Hoja hiyo inamsubiri wakili wa kuitumia.

Inaombwa barua hii iwekwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao wa mwaka wa Chama, ijadiliwe hadharani, na majibu yake kwa kila ombi, kuanzia (a) hadi (f), yachapishwe: lililokubaliwa, lini litatekelezwa na nani, lililokataliwa, kwa sababu gani.

Kwa heshima,

Ruhwa, Wilaya ya Rusizi